Ubao wa Theluji: Kampuni ya Mbao Pekee au Kampuni ya Michezo Yote ya Baridi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameletwa kwangu na vijana wa Dodoma, Manyoni na Singida ambao wamepata nafasi za masomo katika nchi zenye theluji, na ambao kabla ya kuondoka wameshaanza kuulizia ubao wa theluji (snowboard), yaani ubao mmoja wa kutelezea ambao mtu husimama juu yake kiubavu kwa miguu yote miwili. Nimeishi Oslo kwa misimu miwili ya baridi nikipanda treni ya mjini kwenda mlimani Tryvann huku nimeukumbatia ubao wangu, na sasa nimerudi nyumbani ambako theluji ya karibu zaidi iko kileleni Kilimanjaro. Nimejibu yale ninayoyafahamu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kampuni ya mbao pekee ni ipi, na ya michezo yote ni ipi?

Kampuni ya mbao pekee ni ile iliyozaliwa kwa ajili ya ubao wa theluji, na ambayo mkate wake wa kila siku ni ubao huo pamoja na vifaa vinavyoambatana nao. Mfano unaojulikana kuliko yote ni Burton, iliyoanzishwa na Jake Burton Carpenter mwaka 1977 katika jimbo la Vermont, Marekani. Wengine ni Lib Tech na GNU, ambazo ni ndugu wa kiwanda kimoja katika jimbo la Washington, halafu Capita, na Jones, ambayo mwanzilishi wake Jeremy Jones alikuwa mpandaji mashuhuri wa ubao kwenye milima mikubwa kabla ya kuwa mfanyabiashara.

Kampuni ya michezo yote ya baridi ni ile iliyoanzia kwingine, mara nyingi kwenye ski (zile mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu), ikaongeza mbao za theluji baadaye. Rossignol ya Ufaransa ilianza mwaka 1907. Salomon ilianza mwaka 1947 katika karakana ndogo mjini Annecy, ikitengeneza misumeno na makali ya chuma ya ski. K2 ilianza mwaka 1962 katika kisiwa cha Vashon nchini Marekani, ikijulikana kwa ski za nyuzi za kioo.

Mpaka kati ya makundi haya si ukuta wa matofali. Ride, ambayo wengi huihesabu kuwa kampuni ya mbao pekee, imo chini ya K2. Nidecker ya Uswisi ni ukoo uliokuwa ukichonga mbao tangu 1887, miongo mingi kabla mtu yeyote hajafikiri kusimama kiubavu juu ya theluji. Na Yonex, ileile ambayo wachezaji wa vinyoya wanaijua kwa raketi, hutengeneza nchini Japani mbao za nyuzi za kaboni ambazo wapandaji hodari huzinunua kwa bei kubwa bila kusita. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba kampuni fulani "si ya mbao", uliza kwanza imekuwa ikitengeneza mbao kwa muda gani na katika kiwanda gani.

Basi kampuni ya mbao pekee ndiyo bora?

Hapana, si kwa sababu ya jina lake tu. Ubora ambao mpandaji anausikia miguuni unatoka kwenye ubao mmoja mahsusi, wenye urefu, upana, ugumu na upinde wake, na kampuni moja inaweza kutengeneza ubao utakaokufaa kama kiatu cha fundi pamoja na mwingine utakaokutesa msimu mzima.

Hata hivyo kuna mambo ambayo kampuni za mbao pekee huwa nayo kwa wingi zaidi. La kwanza ni uchaguzi: utakuta mtindo mmoja katika urefu saba au minane, wa kawaida na wa mguu mpana, wakati kampuni ya ski inaweza kuwa na urefu mitatu au minne na kuishia hapo. La pili ni ujasiri wa kujaribu. Makali ya mawimbi, ambayo Lib Tech na GNU huyaita Magne-Traction na ambayo hushika barafu kama kisu cha mkate kinavyoshika ganda, yalitoka kwa watu waliokuwa wakifikiri juu ya ubao peke yake usiku na mchana.

Lakini tazama lililofuata: Rossignol nayo imekuwa ikiweka makali hayohayo ya Magne-Traction kwenye baadhi ya mbao zake. Wazo zuri halikai nyumba moja. Isitoshe, kampuni za ski zimekuwa zikigundisha mbao, nyuzi za kioo na chuma chini ya mitambo ya joto kwa vizazi, na ujuzi huo haupotei kwa kuwa kitu kinachotoka kwenye mtambo ni kimoja badala ya viwili.

Nani hasa anayetengeneza ubao ulioandikwa jina la kampuni?

Swali hili huulizwa na wachache, nami natamani lingeulizwa na wote. Kampuni chache zina viwanda vyao wenyewe. Lib Tech na GNU hutoka katika kiwanda chao, na Capita ina kiwanda chake kusini mwa Austria kinachoendeshwa kwa umeme wa maji. Nyingine nyingi huchora ubao na kuupeleka kwenye kiwanda cha mtu mwingine. Mbao za Jones, kwa mfano, hutengenezwa Dubai, naam, Dubai hiihii ambayo wafanyabiashara wetu huiendea kwa vitenge na vipuri vya magari, katika kiwanda cha SWS kinachotumia umeme wa jua. Kiwanda hichohicho hutengeneza mbao za kampuni nyingine pia. Mchoro ni wa kila mmoja na malighafi zinaweza kutofautiana, lakini mikono inayogundisha ni ileile.

Nitautambuaje ubao uliotengenezwa vizuri?

Mwaka niliorudi nilikuwa na ubao uliovunjika ncha, nikaupeleka kwa seremala mmoja wa Chang'ombe, hapa Dodoma, si kwa kuutengeneza bali kwa kuwa nilitaka macho ya fundi. Aliugonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mkiani hadi nchani, ameinamisha sikio, na karibu na mpasuko akanyamaza, akarudia kugonga mara tatu. "Hapa gundi imeachia," alisema, "sikiliza mwenyewe." Kweli, sauti ilikuwa imebadilika kutoka mlio mkavu hadi mlio mzito uliokufa. Kisha akaukata kwa msumeno pale palipovunjika, tukaona matabaka: juu plastiki yenye picha, chini yake kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ngumu, katikati vipande vyembamba vya mbao vilivyopangwa vikisimama ubavu kwa ubavu, kisha nyuzi tena, na mwisho plastiki nyeusi ya kutelezea iliyozungukwa na ukanda wa chuma. Seremala alivutiwa zaidi na ile mbao ya katikati, ambayo ilikuwa ya mti laini na mwepesi, akashangaa kwamba watu huamini miili yao kwa mti ambao yeye asingeufanyia hata kigoda. Ndivyo ilivyo. Mipopla na paulonia hupendwa kwa wepesi wake, na nguvu huongezwa na nyuzi za kioo au kaboni, wakati mwingine na vipande vya miti migumu au mianzi sehemu zinazobeba mguu.

Kwa hiyo ukiwa dukani, ugonge ubao kama alivyofanya yeye. Pitisha kidole penye mwungano wa chuma na plastiki, ambapo hapatakiwi kuwa na mwanya wala gundi iliyofurika. Weka jicho usawa wa ubao na uangalie kama umepinda upande. Kisha soma aina ya plastiki ya chini. Ile iliyosukumwa kwenye mtambo kama tambi ni rahisi, hukubali kurekebishwa na haihitaji nta mara kwa mara, ilhali ile iliyoshindiliwa kutoka unga ni ya kasi zaidi, ngumu zaidi na ghali zaidi, nayo hudai nta kila baada ya siku chache za kupanda. Anayeanza hahitaji hiyo ya pili, hata muuzaji akisisitiza.

Nina kilo 75 na navaa kiatu namba 45. Jina la kampuni linanihusu vipi?

Linakuhusu sana, na hapa ndipo nilipoumia. Katika baridi yangu ya kwanza duka moja liliniuzia ubao wa kampuni ya michezo yote, mzuri, wa bei nafuu, urefu sentimita 156, ambao kwa uzito wangu wa wakati huo haukuwa na kosa. Hakuna aliyeniuliza namba ya mguu. Ubao ulikuwa mwembamba katikati, mabuti yangu yakatokeza pande zote mbili, na kila nilipoulaza ubao ukate kona kwa vidole, pua ya buti iligusa theluji kabla ya makali ya chuma. Makali yakipoteza mshiko namna hiyo, ubao hukimbia chini yako bila onyo. Nilianguka kwa kifua mara nyingi kiasi kwamba niliamini kosa ni langu, kwamba labda mtu wa nyanda kavu hakuumbiwa mchezo huu. Ilinichukua wiki tano, na jicho la mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akinifuata kwa nyuma, kujua kwamba tatizo lilikuwa upana.

Urefu wa ubao huchaguliwa kwa uzito kuliko kimo, na mtu wa kilo 75 kwa kawaida huangukia karibu na sentimita 155 hadi 160. Upana huchaguliwa kwa buti, na kuanzia namba 44 au 45 ni vyema uangalie mbao zilizoandikwa kuwa pana, ambazo kiuno chake, yaani upana wa katikati, mara nyingi huzidi milimita 260. Kampuni za mbao pekee huwa na mbao pana nyingi, katika mitindo mingi. Kampuni za michezo yote huwa nazo pia, lakini mara nyingi katika mitindo michache, na hizo chache ndizo huisha mapema dukani. Mwenye mguu mkubwa, au mwanamke mwenye mguu mdogo anayehitaji ubao mwembamba ulio mfupi lakini usio wa kitoto, ana sababu ya haki ya kuanzia kwenye kampuni ya mbao pekee. Mwenye mguu wa namba 41 hana sababu hiyo.

Je, vifungio vya kampuni moja huingia kwenye ubao wa kampuni nyingine?

Vifungio ni vile vishikizi vinavyofunga mabuti kwenye ubao. Mara nyingi ndiyo, huingia. Mbao nyingi zina matundu yenye nati zilizozikwa ndani, yaliyopangwa kwa mraba wa sentimita nne kwa nne au kwa safu zilizokaribiana zaidi za mbili kwa nne, na vifungio vya karibu kila kampuni huingia humo. Burton hutumia mfereji mmoja unaopita katikati ya ubao badala ya matundu, ambao hukuruhusu kusogeza miguu kwa kiasi chochote utakacho, na vifungio vingi vya kampuni nyingine huingia hapo kwa kutumia kisahani kinachofaa. Angalia kwamba kisahani hicho kimo ndani ya boksi kabla hujalipa.

Tahadhari kubwa zaidi ni juu ya mfumo wa Burton wa kukanyaga na kushika, uitwao Step On, uliotoka mwaka 2017. Mfumo huo unadai mabuti yaliyotengenezwa kwa ajili yake, ambayo huuzwa na Burton yenyewe pamoja na kampuni zenye leseni. Ni mfumo mzuri, nami nimeona watu wakifunga miguu yote miwili wakati mimi bado nahangaika na mkanda wa kwanza, lakini ukiununua umejifunga kwenye familia moja ya vifaa.

Nianze kununua nini?

Mabuti. Nalisema hili kwa msisitizo kwa kuwa kila kijana huanza na ubao, wenye picha nzuri, akabakiza fedha za mabuti mabovu. Buti ndilo linalobeba amri ya mguu hadi kwenye makali. Kisigino kikiinuka ndani ya buti hata kwa unene wa kidole kidogo, kila kona itachelewa na msuli wa kigimbi utachoka kabla ya saa sita mchana.

Katika jambo hili ningekuambia usizibague kabisa kampuni za michezo yote. Salomon imekuwa ikitengeneza viatu vya mlimani na vya ski kwa miongo mingi, na mabuti yake ya ubao yanaheshimiwa hata na wale wanaopanda mbao za kampuni nyingine. Mguu wa mmoja hukubali Burton, wa mwingine K2, wa mwingine Salomon. Jaribu mchana, mguu ukiwa umevimba kidogo, kwa soksi moja ya sufi isiyo nene, simama kwa dakika kumi na tano ukiwa umekunja magoti, na vidole vyako viguse mbele ukiwa wima na virudi nyuma ukichuchumaa.

Ubao na vifungio unaweza kukodi kwa siku kumi za kwanza. Mabuti ya kukodi yamelegezwa na miguu ya watu mia.

Nchi ninayokwenda inabadilisha jibu?

Inabadilisha. Karibu na Oslo theluji huyeyuka kidogo mchana na kuganda usiku, na asubuhi unakuta uso mgumu unaolia chini ya ubao. Hapo unahitaji makali yanayoshika na ubao wenye upinde wa kawaida, unaogusa chini karibu na ncha zote mbili unapousimamia. Mashariki mwa Kanada na kaskazini mwa China, ambako theluji nyingi ya viwanja hutengenezwa kwa mashine, hali hufanana na hiyo. Katika maeneo kama hayo ubao wa kawaida wa Rossignol, Salomon au K2 utakutosha kwa miaka.

Anayekwenda Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ana habari nyingine, kwa kuwa theluji ya huko huanguka kwa wingi na wepesi wa unga wa muhogo, na mtu huzama hadi magotini. Hapo hutafutwa ubao wenye pua pana, mkia mfupi na miguu iliyosogezwa nyuma ili ncha ielee, na ni kampuni za mbao pekee ambazo zimechezea umbo hilo kwa upana mkubwa zaidi.

Bei zinatofautianaje?

Ubao mpya wa anayeanza au wa kati huwa kati ya dola 350 na 600 za Marekani, na kampuni za mbao pekee huelea upande wa juu. Ukiongeza vifungio na mabuti unafika kwa urahisi dola 800 na kupita, fedha ambazo mwanafunzi wa ufadhili huzikusanya kwa jasho. Mwezi Machi na Aprili, baridi inapoelekea mwisho, maduka hupunguza bei sana ili kupisha mzigo mpya, na ubao wa mwaka jana mara nyingi hutofautiana na wa mwaka huu kwa rangi tu. Mtumba nao ni njia ya heshima, ilimradi uugonge na ukague makali kama nilivyoeleza hapo juu. Mabuti ya mtumba uyaache.

Niagize nikiwa bado Dodoma?

Usiagize. Utalipa usafirishaji na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na ushuru, kisha utaubeba ubao tena kwenda ulikotoka, tena bila kuujaribu. Kama safari yako inapitia Dubai na una siku ya mapumziko, katika jengo la Mall of the Emirates kuna mteremko wa theluji wa ndani ulio wazi tangu 2005, wenye vifaa vya kukodi. Saa mbili za pale zitakufundisha namba yako ya buti kuliko jedwali lolote.

Na kampuni ikifungwa au ikiacha mchezo?

Imetokea pande zote mbili. Nike iliachana na vifaa vya michezo ya theluji mwaka 2014, na waliokuwa na mabuti yake wakabaki nayo hadi yakachakaa. Lakini Forum, iliyokuwa ya mbao pekee na yenye wapandaji mashuhuri, nayo ilitangazwa kufungwa na mmiliki wake Burton mwaka 2012. Ubao wenyewe hauhitaji vipuri. Kinachohitaji vipuri ni vifungio, mikanda yake na ngazi zake za plastiki (vile vikanda vyenye meno), hivyo katika vifungio chagua kampuni ambayo maduka ya mji wako yanaweka sehemu zake kwenye droo.

Nikirudi nyumbani nao, utadumu?

Utadumu, na Dodoma ni bora kuliko Dar es Salaam kwa jambo moja: hewa yetu kavu haili makali ya chuma kama ile ya pwani. Adui wa hapa ni joto na vumbi. Chini ya bati mchana wa Oktoba gundi huteseka, na ubao uliolazwa juu ya kabati utapinda kufuata kabati. Upake nta nene upande wa chini bila kuikwangua, na upitishe nta hiyo hadi juu ya makali, uondoe vifungio ili skrubu zisivute plastiki, uuvike mfuko wa kitambaa, kisha uusimamishe kwa ubavu kwenye chumba cha ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Wangu umekaa hivyo nyuma ya mlango wa chumba cha watoto. Kila Juni, upepo wa baridi unapoanza kuvuma kutoka mashariki, huutoa na kupitisha kidole kwenye makali, kwa kuwa mwezi huohuo ndipo msimu wa Afriski huko Lesotho unapoanza, zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, na nauli ya kufika Johannesburg naiweka kidogo kidogo.